Moja Nukta Sita Saba

Woolwich, London
9 Oktoba 2024

Dada Kijakazi,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, na nyumba yote inakusalimu. Wifi yako Hayat bado yuko kazini uwanja wa ndege. Anatoka Thamesmead gizani, anaivuka London nzima hadi Hounslow, anarudi miguu imemvimba na bado ana nguvu za kunikumbusha kuwa sijakuandikia. Miska kafika miaka kumi na tatu na kashampita mama yake kimo. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza, hasa akiwa na kosa.

Siham, jirani yetu aliyekuja kwenu mwezi uliopita, kanifikishia maneno yako. Krenki ya gari ya Baba imepasuka, na Baba hataki kuiuza gari wala kuitia injini ya watu. Anataka kuisikia ikiunguruma tena, yeye akiwa kitandani pale kwenye dirisha linalotazama karakana. Siham alisema hivyo akiangalia chini, nikajua kuna lililobaki mdomoni mwake. Baba ana nini? Niandikie.

Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Mara ya mwisho, mwaka wa tatu huu, uliniambia mimi ni mtu wa kutuma vitu, si mtu wa kuja. Sijasahau. Basi na tuandikiane, barua ziende na wasafiri, na hesabu zikae mahali ambapo hakuna wa kuzikanusha.

Krenki kama ile huku sikuiona. Nimepata ya injini nduguye, kubwa kidogo, kwenye yadi ya magari mabovu Erith. Shingo zake, pale konrodi zinapokamata, ni zile zile, milimita 42, inakaa bila ubishi. Lakini mwendo wa pistoni si 66 tena, ni 73. Kila kitu kihesabiwe upya. Nipe kimo cha bloku, kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu. Nipe na vipimo vya konrodi za Baba: tundu kubwa, tundu dogo, na nafasi baina yao, ukingo kwa ukingo. Najua hatakubali konrodi nyingine, zile alizozipiga msasa mwenyewe na kuzilinganisha kwenye mizani ya sukari. Pistoni nitazitengenezesha huku.

Mwambie kazi hii naifanya kwa mikono yangu. Nina karakana chini ya daraja la reli, mashine tatu, na jina langu liko mlangoni. Nilianza hapa Woolwich kwa kuosha magari ya watu kwa ndoo. Sijui kama umewahi kumwambia.

Nduguyo,
Matar


Wete
2 Novemba 2024

Mdogo wangu Matar,

Wa alaykum salaam. Barua imefika, na soksi za Baba zimefika, kazivaa siku ile ile. Mvua za vuli zimeanza na paa la karakana linavuja pale pale ulipokuwa ukitega ndoo. Ndoo ni ile ile pia.

Baba hajambo kidogo. Miguu inajaa maji na pumzi ni fupi. Daktari kasema moyo. Uji anakunywa. Hayo tu.

Vipimo nimechukua jana, Baba akinielekeza kutoka kitandani na mlango wazi. Bloku 190 kamili. Konrodi: tundu kubwa 45, tundu dogo 18, nafasi baina yao 92. Nimepima zote nne kama tunavyopima siku zote, hakuna iliyomzidi mwenziwe.

Nilipomsomea kwamba kazi unaifanya wewe mwenyewe, kauliza, "Mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akageuka ukutani. Usiniulize alimaanisha nini, mimi si mkalimani.

Habari za jina lako mlangoni nilimwambia zamani.

Kijakazi


Woolwich
24 Novemba 2024

Dada,

Salamu nyingi. Baridi imeingia. Hapa karakana reli iko juu ya kichwa, kila treni ikipita vumbi la kutu linashuka kwenye chai. Hayat kabadilishiwa zamu, sasa tunaonana jikoni kama wapangaji wawili. Miska anakuuliza kama paka wa karakana yuko hai. Kauliza kwa Kiingereza, lakini kauliza.

Sasa kazi. Nimekaa nayo jioni nzima. Miska alikuja akaniona nimejaza karatasi namba akataka kujua nahesabu nini. Nikamwambia: konrodi ni fimbo inayofunga pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka chini. Chukua urefu wake, kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha la pili, gawa kwa mwendo wa pistoni. Jawabu likiwa dogo mno, fimbo inainama sana, pistoni inasukumwa ubavuni na kuitafuna silinda. Likiwa zuri, pistoni inafika juu, inapumzika kidogo, halafu inashuka kwa adabu. Akaniambia kwamba hayo yote ni kugawanya tu. Nikamwambia ndiyo, ila ukikosea kugawanya huku, chuma ndicho kinachokusahihisha.

Hesabu hii hapa. Nafasi 92, nusu ya tundu kubwa 22.5, nusu ya tundu dogo 9. Konrodi ni 123.5. Gawa kwa 73, unapata 1.69. Si pabaya hata kidogo. Kwa pistoni: 190, toa nusu ya mwendo 36.5, toa konrodi 123.5, toa nusu milimita ya kuachia juu. Kutoka pini hadi kichwa cha pistoni inabaki 29.5. Hiyo ndiyo nitakayoagiza.

Msomee Baba yote, namba kwa namba. Nataka asikie. Wewe ulikuwepo siku ile nilipoifunga injini ya teksi ya Mzee Faki, nina miaka ishirini na mbili. Wateja wamejaa benchi, Baba kaja na kipimo chake, kaifungua yote, kapima upya kimoja kimoja na wote wanatazama. Haikuwa na kosa hata unywele. Akaifunga, akanirudishia spana bila neno. Mwezi uliofuata ufunguo wa karakana akakupa wewe. Sikulaumu wewe, dada. Lakini nilipanda ndege na ile spana mfukoni.

Mwambie: moja nukta sita tisa.

Matar


Wete
19 Desemba 2024

Matar,

Salamu. Paka alikufa zamani, mwambie Miska huyu wa sasa ni mwanawe na ni mwizi zaidi. Mwambie pia aniandikie, hata kwa Kizungu, nitatafuta wa kunisomea.

Baba sasa analala ameketi, mito mitatu nyuma. Dawa nampa mara nne.

Barua yako nilimsomea yote, na habari za teksi nilimsomea, kwa sababu ulisema yote. Kwenye teksi alifumba macho. Nilipofika kwenye ile 1.69 akainua kidole. Akasema, "Moja nukta sita saba." Nikadhani hakusikia, nikamsomea tena. Akasema tena, "Moja nukta sita saba. Mwandikie." Mie mkono mmoja nilishika kijiko cha dawa na mwingine kichwa chake, sikuwa na kalamu wala hamu ya hesabu. Nikamuuliza kwa nini, akawa kashachoka.

Basi nimekuandikia kama alivyosema. Ungekuwa hapa ungemuuliza mwenyewe.

Huyu anayekwenda Dar na barua anaondoka sasa hivi, nafunga.

Kijakazi


Woolwich
12 Januari 2025

Dada Kijakazi,

Natumai mko salama, na Baba anapata usingizi. Sisi tuko hivyo hivyo. Theluji ilianguka siku moja, Miska akafurahi, mie nikateguka mkono.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Moja nukta sita saba. Bila maelezo, bila hesabu, kidole tu. Nimejumlisha upya mara tatu. 92 na 22.5 na 9 haijawahi kuwa kitu kingine isipokuwa 123.5, si Wete wala London. Miaka kumi na tisa niko huku, nimejenga injini za watu wa mashindano, watu wanaoleta magari kutoka miji mingine wakipita karakana kumi kunifuata mimi. Na bado kwa Baba mimi ni yule wa kufunguliwa injini mbele ya benchi. Safari hii hata kipimo hakushika. Kanikosoa akiwa kitandani.

Miska alisoma barua yako mezani, kaweka kidole chake kwenye ile namba, akasema kwa Kiingereza chake, "Si umpigie babu umuulize?" Nikamwambia akafanye kazi za skuli.

Pistoni nimeziagiza kwa 29.5, hesabu yangu. Siham anasafiri katikati ya Februari, atakuja nazo pamoja na krenki, na beringi mpya, na gasketi zote. Mwambie Baba asiwe na wasiwasi. Akiisikia atajua.

Matar


Wete
3 Machi 2025

Matar,

Ramadhani njema kwenu nyote. Huku tumefunga siku mbili sasa. Baba hafungi, na hilo linamuuma kuliko maradhi.

Vitu vilifika, na kazi ya mikono yako nimeiona, pistoni zinang'ara kama vyombo vya harusi. Kuifunga injini kulinichukua siku nne. Nilipozungusha krenki kwa mkono, pistoni ikifika juu kabisa, nikaweka rula kwenye uso wa bloku. Wewe ulisema nusu milimita. Ni mbili. Zote nne, mbili mbili.

Nilisema labda itawaka tu. Juzi nikafunga hedi juu ya bloku, nikaweka kila kitu, nikawasha. Iliwaka, kwa shida, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Nilifungua dirisha la Baba ili asikie. Alisikiliza kidogo tu, akasema, "Zima. Hiyo siyo."

Nikazima. Nikaenda kukaa naye. Hakusema kitu juu yako, kama ndicho unachongojea.

Nafasi ya konrodi nilipima beringi zikiwa ndani ya tundu kubwa na kofia yake imekazwa. Baba hajawahi kuipima vingine, wala mimi. Wewe ulijumlishaje?

Nimemwambia pistoni nyingine zitakuja. Kauliza lini. Nambie lini, Matar.

Barua hii nampa Siham, anarudi huko katikati ya mwezi.

Kijakazi


Woolwich
23 Machi 2025

Dada yangu,

Mwenyezi Mungu amrehemu Baba na akupe subira wewe uliyekuwa naye.

Ulimpigia Hayat, si mimi, na ulifanya sawa. Kaja karakana kwa miguu kutoka stesheni, na sare ya kazi, saa ambayo hapaswi kuwa hapo. Nilikuwa nimeinama kwenye injini ya mteja. Nilimwona, nikazima mashine. Kasema mmeshamzika baada ya alasiri. Kwa hiyo hata ningekuwa nimesimama ndani ya ndege wakati ule nisingefika. Watu wananiambia hivyo ili nipoe. Mimi najua kuwa ndege zilikuwepo tangu Oktoba.

Barua yako ya tarehe tatu Siham kanipa siku tano baada ya maziko. "Kauliza lini." Nimeisoma mimi, nisijue wa kumjibu.

Nafasi ulipima na beringi ndani. Beringi inakula milimita moja na nusu kila upande, kwa hiyo nusu ya tundu si 22.5, ni 21, nusu ya ile 42 ya shingo ya krenki. 92 na 21 na 9 ni 122. Huku sisi tunapima konrodi tupu, bila kitu ndani, nimefanya hivyo miaka mingi mpaka nikasahau kuwa kuna wengine. Wewe uliniandikia waziwazi: kama tunavyopima siku zote. Nikaisoma, nikaipita. Na 122 ukigawa kwa 73 unapata moja nukta sita saba.

Alikuwa hanikosoi, dada. Alikuwa ananiambia. Mtu anayelala ameketi, haoni karatasi, kaipata namba kichwani. Mie mwenye mashine tatu nikasikia matusi. Ilikuwa simu moja tu. "Baba, ulipima na beringi au bila?" Sekunde kumi. Angekuwa keshaisikia gari yake mwezi wa pili.

Nina na langu la kukuuliza, na ukasirike ukitaka. "Hajambo kidogo." "Uji anakunywa." Kwa nini hukuniambia kuwa anakufa?

Matar


Wete
20 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Tumeipokea dua yako. Msikiti wa juu walimsomea, na wa chini nao wakataka wao. Mzee Faki wa teksi alikuja kwa mkongojo, kakaa kwenye lile benchi hadi magharibi.

Umeuliza, nami nakujibu. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje bila kuitwa. Nilisema: akiambiwa baba yake anakufa atakuja, nani asiyekuja? Nilitaka uje kwa sababu ya uji na miguu. Nilikaa hapa miaka yote hiyo na ufunguo unaouonea kijicho, nikimbeba kwenda msalani, na wewe huko unahesabu nani alipewa nini. Ufunguo alinipa kwa sababu mimi niliposwa nikakataa, akaogopa nitabaki bila kitu. Ulikuwa huulizi, mie nikawa sisemi.

Na lipo jingine, ndilo linaloninyima usingizi. Kesho yake baada ya barua yangu ya Desemba kuondoka, Baba aliomba karatasi. Kaandika kwa dakika nyingi, nimemshikia ubao. Akasema mpelekee Matar. Barua yangu mtu alikuwa keshakwenda nayo. Ningeweza kupiga picha nikakutumia wakati ule ule, simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema akitaka kujua atapiga. Nikaitia kwenye kopo la misumari bila kuisoma. Halafu ikaja barua yako ya Januari, na maneno yale ya benchi, nikaona bora ikae huko huko.

Hii hapa. Nimeifungua nilipopata barua yako ya Machi; mikunjo ni yake mwenyewe.

Dada yako,
Kijakazi

[Ndani yake kipande cha karatasi ya daftari, penseli, mwandiko unaoshuka upande:]

92 + 21 + 9 = 122
122 ÷ 73 = 1.67
Hesabu ya Matar haina kosa. Kahesabu konrodi uchi, bila beringi, ndiyo tofauti.
Mwambie wewe peke yako. Msimkosoe mbele ya watu.


Woolwich
18 Mei 2025

Dada Kijakazi,

Assalamu alaykum, na shikamoo, ambayo naona sikuiandika kwenye barua hata moja. Hayat yuko salama. Miska kakuandikia, karatasi yake iko ndani ya sanduku la pistoni. Kaandika Kiswahili, makosa ni yake, sikusahihisha hata moja.

Karatasi ya Baba nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana, chini ya jina langu. Nilifunga mapema siku hiyo. Nimekaa na hasira ya benchi lile miaka kumi na tisa nikidhani ni mimi peke yangu ninayelikumbuka.

Sikulaumu kwa kopo la misumari. Wewe ulingojea nipige, mie nikangojea niitwe, na aliyekuwa hana muda wa kungoja alikuwa mmoja. Ukitaka tugawane kosa hili, nusu yangu ndiyo kubwa. Hilo sihitaji kulihesabu.

Pistoni mpya ziko na Siham. Urefu wa pini hadi kichwa ni 31. Nimejumlisha hivi: 36.5, na 122, na 31, jumla 189.5, inabaki nusu milimita chini ya uso. Kabla ya kuzikata nilitia beringi kwenye konrodi moja ya zamani niliyonayo huku, nikakaza kofia, nikapima nafasi kwa njia yenu, kisha kwa njia ya huku. Urefu ukawa mmoja. Ilinichukua robo saa. Ukizifunga weka rula tena, usiniamini tu.

Sitasema nakuja. Nimeshatuma vitu vya kutosha pamoja na ahadi. Nitakapokuja utanisikia kwenye geti.

Ila nina ombi. Ukimaliza kuifunga, usiniandikie. Nipigie simu. Usiseme kitu kwanza, wala usinisalimu. Iweke simu kwenye dirisha la Baba, upande wa kitanda, urudi karakana, uiwashe. Iache iungurume mpaka ipate moto. Nataka niisikie kutoka pale alipokuwa yeye.

Kama siyo, nitakwambia zima. Kama ndiyo, nitanyamaza mpaka uzime mwenyewe, kisha nitakuamkia, dada, kwa sauti.

Mdogo wako,
Matar